Pedeli ya breki ikiwa ngumu: Kagua mpira wa upepo kabla ya kununua busta

Na Mwandishi Wetu

MSIMU wa mavuno ukifika, barabara zinazokutana Kimamba, wilayani Kilosa, hazipumziki. Kirikuu zinatoka mashambani na nyanya, mpunga na mahindi. Noah na Hiace zinabeba wachuuzi kwenda Kilosa mjini na Dumila, na pikapu za wenye maduka zinarudi na bidhaa kutoka Morogoro. Mengi ya magari hayo yaliletwa nchini yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka kadhaa, na hapa yanafanya kazi nzito kuliko waliyoitarajia waliyoyatengeneza.

Kati ya hitilafu zinazoyapata, ipo moja ambayo wenye magari wengi huizoea badala ya kuitibu. Nayo ni pedeli ya breki kuwa ngumu. Dereva anakanyaga, pedeli haishuki, gari linaendelea kwenda. Akikanyaga kwa nguvu zote linasimama, lakini mita kadhaa mbele ya pale alipokusudia. Kwa kuwa mwishowe limesimama, anajiambia kwamba breki zipo, anaendelea na safari.

Kwenye tambarare ya Mkata mazoea hayo yanaweza kudumu miezi bila madhara, kwa sababu barabara ni sawa na mwendo si mkubwa. Balaa huja siku gari hilo hilo linapopata mzigo wa mbali. Barabara kuu inayokatisha Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ina wanyama wanaovuka bila taarifa. Mbele yake, kuelekea Iringa, kuna mlima Kitonga, ambao mfanyabiashara anayerudi na nyanya kutoka Ilula lazima auteremke akiwa amepakia. Huko mita kumi za ziada ni nyingi mno.

Wakazi wa maeneo ya Reli ya Kati hawahitaji kuelezwa maana ya breki. Juni 24, 2002, kwenye njia hiyo hiyo inayopita Kimamba, treni ya abiria iliyokuwa ikielekea Dodoma ilipata hitilafu ya breki karibu na Igandu, ikarudi nyuma mteremkoni na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki dunia. Breki za treni hazifanani na za Hiace, lakini somo ni moja: breki ikitoa dalili, chombo kisimame na kikaguliwe kabla ya mlima.

Habari njema kwa mwenye gari ni kwamba pedeli ngumu ni miongoni mwa hitilafu zinazoweza kupimwa bila mashine yoyote. Mguu, sikio na subira vinatosha kujua tatizo liko upande gani. Na mara nyingi dawa yake ni kipande cha mpira, si busta nzima.

Kwa nini pedeli huwa nyepesi

Ili kuelewa ugumu, ni vizuri kwanza kuelewa wepesi. Mguu peke yake hauna nguvu ya kutosha kusimamisha gari lenye uzito wa tani mbili. Kati ya pedeli na masta silinda kuna chombo cha bati cha mviringo, kikubwa kama sahani ya wali, ambacho mafundi hukiita busta. Wazo la kuutumia mvuto wa injini kumsaidia dereva liliingia kwenye magari mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kazi ya mhandisi Mbelgiji Albert Dewandre, na hadi leo linatumika.

Ndani ya busta kuna kiwambo cha mpira kinachoigawa katika vyumba viwili. Injini inanyonya hewa kutoka vyumba vyote, na hali hiyo ya hewa kunyonywa ndiyo inayoitwa vakyumu. Ukikanyaga pedeli, hewa ya kawaida inaruhusiwa kuingia upande wa nyuma, wakati upande wa mbele bado umenyonywa. Hewa hiyo inakisukuma kiwambo mbele, nacho kinausaidia mguu wako kuisukuma masta silinda.

Msaada huo si mdogo. Kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 20 kina eneo la sentimita za mraba 314. Injini ya petroli iliyo nzima, ikiwa kwenye silensa, huleta tofauti ya karibu kilo 0.6 kwa kila sentimita ya mraba. Ukizidisha unapata msukumo wa karibu kilo 188. Huo ni uzito wa karibu magunia mawili ya mahindi yanayokusaidia kukanyaga. Vakyumu ikipotea, magunia hayo mawili yanaondoka na unabaki na mguu wako peke yake. Breki hazijakatika, ila umenyimwa msaidizi.

Maelezo haya yanahusu magari madogo na ya kati yenye busta ya vakyumu. Malori makubwa yanayojaza upepo kwenye matangi yana mfumo mwingine, na baadhi ya magari ya kisasa hutumia busta ya umeme inayohitaji mashine ya kupimia. Aidha, zipo pikapu ndogo za zamani zilizotoka kiwandani bila busta. Hizo pedeli zake ni ngumu tangu mwanzo. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni kama gari lako limebadilika, au ndivyo lilivyokuwa siku zote.

Usichanganye ngumu na laini

Kosa linalopoteza fedha ni kumwambia fundi kwamba “breki mbovu” bila kueleza zaidi. Pedeli inayozama hadi chini, au inayokuwa kama sponji, ni ugonjwa mwingine kabisa. Hiyo huashiria upepo kwenye mabomba, mafuta ya breki yanayovuja, au masta silinda iliyochoka. Pedeli ngumu ni ile inayobaki juu na kugoma kushuka. Ukimweleza fundi hivyo, utamwepusha kufungua vitu visivyohusika.

Majaribio matatu ya mguu

Egesha gari mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu na uvute breki ya mkono.

Jaribio la kwanza: Injini ikiwa imezimwa, kanyaga na kuachia pedeli mara tano au sita hadi iwe ngumu. Kisha ikanyage na uishikilie hapo, halafu washa injini. Gari zima litaonyesha pedeli ikishuka kidogo chini ya mguu wako, kama mtu aliyeivuta kutoka upande wa pili. Isiposhuka, busta haipati vakyumu au yenyewe imekufa.

Jaribio la pili: Acha injini ingurume dakika moja au mbili kisha izime. Kanyaga pedeli taratibu, mara moja moja. Mara ya kwanza inapaswa kushuka vizuri, ya pili ikomee juu zaidi, na ya tatu juu zaidi tena. Hiyo inaonyesha kwamba busta inatunza akiba. Ikiwa ngumu tangu mara ya kwanza, akiba imevuja. Shuku valvu ya kuzuia hewa kurudi, mpira wake, au busta yenyewe.

Jaribio la tatu: Injini ikinguruma, kanyaga pedeli na uishikilie. Zima injini bila kuiachia na uhesabu hadi thelathini. Pedeli haipaswi kusogea. Ikianza kuusukuma mguu wako juu, hewa inaingia ndani ya busta.

Gari likifaulu majaribio yote matatu lakini bado linasimama kwa shida, iache busta. Tatizo lipo kwenye magurudumu au kwenye pedeli yenyewe.

Tumia pia sikio. Mlio mfupi wa “sss” unapokanyaga ni wa kawaida. Ukiendelea muda wote ulioshikilia pedeli, na silensa ya injini ya petroli ikayumba, kuna uwezekano mkubwa kwamba kiwambo kimechanika.

Anza na cha bei ndogo

Utaratibu wa busara ni kukagua kuanzia kitu cha bure hadi cha ghali. Kwanza angalia miguuni. Zulia lililokunjamana chini ya pedeli, au pini ya pedeli iliyokauka na kushika kutu kwa vumbi, vinaweza kuifanya iwe ngumu. Tone la grisi ndilo dawa.

Pili, ufuate mpira mnene unaotoka kwenye busta kwenda kwenye injini. Huo ndio unaobeba vakyumu. Joto la injini huukausha, na mara nyingi hupasuka kwenye maungio, chini ya klipu, mahali pasipoonekana. Uminye kwa vidole urefu wote. Ukilia kama jani kavu umekwisha, na ukiwa laini kama utumbo hunywea unaponyonywa na kuziba njia. Injini ikiwa kwenye silensa, uchomoe upande wa busta na uzibe kwa kidole gumba, ukiwa mbali na feni na mikanda. Kidole kinapaswa kunyonywa kwa nguvu.

Hapa kuna onyo kwa wanaopenda njia za mkato. Mpira wa maji au wa mafuta ya injini usitumike badala ya huo, hata kama unaingia vizuri. Mipira hiyo imetengenezwa kuhimili msukumo kutoka ndani, si kunyonywa. Gereji utaonekana mzima, lakini injini ikipata moto utalainika na kunywea, na breki zitakuwa ngumu ukiwa njiani.

Tatu, kagua valvu ya kuzuia hewa kurudi, ambayo huwa kwenye busta au ndani ya mpira huo. Ivue na uipulize kwa mdomo. Ukipuliza kutoka upande wa busta hewa ipite. Ukipuliza kutoka upande wa injini isipite. Ikipitisha pande zote au ikiziba pande zote, nunua nyingine. Hakikisha pia kwamba haikufungwa kinyume baada ya matengenezo. Iliyo ndani ya mpira mara nyingi huwa na mshale unaoelekea kwenye injini.

Nne, iangalie injini. Injini ya petroli iliyochoka, yenye valvu zilizoungua au inayovuta hewa kwenye gasketi ya manifodi, haina mvuto wa kutosha. Kama gari linatetemeka kwenye silensa na pedeli ni ngumu, tibu injini kwanza.

Wenye dizeli waangalie alteneta

Injini ya dizeli haitengenezi vakyumu ya kutosha kwenye manifodi kama ya petroli, kwa hiyo hufungwa pampu maalumu. Katika injini nyingi za zamani za Toyota kama 2L na 3L, zinazopatikana kwenye Hiace na Hilux, pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alteneta na hulainishwa kwa oili ya injini.

Hapo ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Alteneta inakufa, mwenye gari ananunua iliyotumika kwa bei nafuu, taa ya chaji inazimika na kila mtu anafurahi. Siku hiyo hiyo breki zinakuwa ngumu. Sababu ni kwamba alteneta mpya ina pampu mbovu, au haina pampu kabisa, au bomba la oili halikurudishwa vizuri. Ukibadilisha alteneta ya dizeli, fanya jaribio la kwanza kabla hujamlipa fundi.

Dalili nyingine ya pampu iliyochoka ni pedeli kuwa ngumu kwenye silensa na kulainika unapoongeza moto. Oili inayovuja nyuma ya alteneta nayo isidharauliwe. Ikikauka, pampu inajitafuna yenyewe, na huku injini inapungukiwa oili.

Ukilazimika kununua busta

Majaribio yakionyesha kwamba busta ndiyo mbovu, usikubali ifunguliwe na kubandikwa kiraka. Ni chombo kilichofungwa kiwandani, na gundi inayoshika kwenye tyubu ya baiskeli haiwezi kubeba maisha ya abiria.

Kabla ya kuifunga mpya, au iliyotumika, angalia nyuma ya masta silinda inapoungana na busta. Pakiwa na unyevu wa mafuta ya breki, masta silinda inavuja kuelekea ndani na ndiyo iliyokiharibu kiwambo. Ukibadilisha busta peke yake, baada ya muda utarudi dukani kununua nyingine.

Kwa busta iliyotumika, nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Linganisha upana, nafasi za boliti, mdomo wa mpira na urefu wa fimbo inayoisukuma masta silinda. Fimbo ikizidi urefu hata kidogo, breki zitakuwa zimeshika muda wote na magurudumu yatapata moto. Ikipungua, pedeli itakuwa na nafasi kubwa tupu kabla ya kushika. Fundi anayeijua kazi yake hupima na kurekebisha fimbo hiyo kabla ya kukaza boliti. Kubaliana na muuzaji kwamba utairudisha isipofaulu majaribio matatu ya mguu.

Tatizo likiwa kwenye magurudumu

Vumbi la kiangazi na tope la masika ni adui wa breki. Maji ya mafuriko na tope jeusi huingia kwenye pini za kalipa, grisi inaoshwa, kutu inaanza. Kalipa iliyoganda haisogei, hivyo mguu unakuta ukuta. Inua gurudumu moja moja kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Linalogoma, au lililo na moto kupita mengine baada ya safari fupi, ndilo lenye ugonjwa. Pini zisafishwe na kupakwa grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, kwani ya kawaida huyeyuka na baadhi huvimbisha mpira.

Pedi na breki shuu nazo zikaguliwe. Zilizoungua huwa na uso unaong'aa kama kioo. Pedeli inakuwa ngumu, busta inafaulu vipimo vyote, lakini gari halishiki. Hali hii huwapata sana wanaozidisha mzigo. Pikapu ndogo za Japani za daraja la kirikuu zimeidhinishwa huko kubeba kilo 350, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 100. Anayepakia magunia manane asishangae breki zikiungua, na asimlaumu fundi.

Jambo la mwisho ni mafuta. Mfumo wa breki unatumia mafuta yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha kopo kinavyoelekeza. Kuongezea oili ya injini au haidroliki, hata kijiko kimoja, huvimbisha mipira yote kuanzia masta silinda hadi magurudumuni. Dalili yake ya haraka ni mpira wa ndani ya kifuniko cha kopo la breki kuvimba na kutorudi mahali pake. Ukiona hivyo, kumwaga na kujaza upya hakutoshi, mipira yote lazima ibadilishwe na mabomba yasafishwe.

Ikikupata njiani

Pedeli ikiwa ngumu ghafla, kumbuka kwamba njia ya mafuta kwenda magurudumuni bado ipo. Usizime injini, kwani kwenye gari la petroli au dizeli ndiyo inayotengeneza vakyumu, na ndiyo inayolainisha usukani. Kanyaga kwa nguvu zote na uishikilie, hata kwa miguu miwili. Usipampu. Kupampu husaidia pedeli inapozama, lakini pedeli ikiwa ngumu kila unapoachia unamaliza akiba ndogo iliyobaki. Shusha gia moja baada ya nyingine ili injini ilizuie gari, kisha vuta breki ya mkono taratibu. Washa taa za tahadhari na utafute pembeni palipo salama.

Vilevile, acheni tabia ya kuzima injini au kuweka gia huru kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Injini ikizimwa, busta ina akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu. Mafuta yanayookolewa Kitonga hayafiki hata bei ya gunia moja la vitunguu, wakati mzigo ulio nyuma ni mtaji wa msimu mzima.

Gari lililopata tatizo hili lisiendelee na safari likiwa limepakia. Kumlipa fundi aje ulipo, au kuhamishia mzigo kwenye gari jingine, ni hasara inayohesabika. Zaidi ya hayo, kuendesha gari bovu barabarani ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na mwenye gari anayemtuma dereva huku akijua ubovu huo asidhani kwamba yeye hahusiki.

Unapofika gereji, mweleze fundi matokeo ya majaribio uliyofanya, mwambie aanze na mpira na valvu, na omba upewe kifaa cha zamani kilichotolewa. Baada ya matengenezo jaribu gari likiwa tupu, kwa mwendo mdogo, kwenye uwanja. Jaribio la kwanza halichukui hata dakika moja. Lifanye kila asubuhi kabla ya kupakia, kwa sababu magunia yakishakuwa juu ya gari, ni wachache wenye moyo wa kuyashusha.